Mwalimu mmoja, mafunzo mawili

Chepseon ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho, ukishapita makutano ya Londiani. Kiutawala ni wadi ya eneo bunge la Kipkelion Mashariki, kaunti ya Kericho. Wenyeji wa huko huishi kwa chai, mahindi na maziwa. Shule zao za msingi zimetapakaa vilimani, nyingi zikiwa za kutwa: mtoto huenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni. Nimeanzia hapo kwa makusudi. Suala la mwalimu aliyefunzwa kufundisha watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao, halipimiki vizuri jijini Nairobi, ambako shule maalumu, hospitali na wataalamu wako umbali wa nauli ya matatu. Linapimika pale ambapo mtoto ana shule moja tu anayoweza kuifikia, na shule hiyo ni ya kawaida.

Swali lenyewe ni hili. Anayesomea ualimu wa shule za msingi, je, afunzwe elimu maalumu papo hapo, katika kozi hiyo hiyo? Au awe mwalimu wa kawaida kwanza, afundishe miaka kadhaa, ndipo arudi chuoni kusomea elimu maalumu akipenda? Kenya ilifuata njia ya pili kwa muda mrefu. Sasa inaelekea ya kwanza, ingawa kwa mwendo wa nusunusu.

Tuweke maana za maneno kwanza. Elimu maalumu ni mafunzo yaliyorekebishwa, kwa mbinu, vifaa au mtaala, yamfae mtoto ambaye mafunzo ya kawaida hayamtoshi kwa sababu ya ulemavu au hali nyingine. Shule maalumu hupokea watoto wa aina hiyo pekee. Kitengo maalumu ni darasa lao ndani ya shule ya kawaida, lenye mwalimu wake. Elimu jumuishi ni mpango ambao mtoto husoma pamoja na wenzake katika darasa la kawaida, na darasa hilo hubadilishwa ili limfae. Sera ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inaifanya elimu jumuishi kuwa msingi, lakini haikufunga shule maalumu wala vitengo, na inakubali hata masomo ya nyumbani kwa mtoto asiyeweza kutoka. Mwalimu anayehitimu leo, basi, anaweza kukutana na mtoto yule yule katika mazingira yoyote kati ya hayo.

Njia ya kuwa mwalimu wa msingi inafahamika. Kwa miaka mingi ilikuwa cheti cha P1, kilichosomewa miaka 2 katika vyuo kama kile cha ualimu cha Kericho. Cheti hicho kimeondolewa. Tangu 2021 vyuo vinatoa stashahada ya ualimu wa msingi, miaka 3, kwa waliopata wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne. Mwanachuo husoma saikolojia ya mtoto, misingi ya elimu, upimaji, matumizi ya teknolojia, na mbinu za kufundisha masomo yote ya shule ya msingi, kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Elimu jumuishi imo katika stashahada hiyo kama somo linalojitegemea, na Lugha ya Ishara ya Kenya imo miongoni mwa lugha zinazofundishwa. Hapo ndipo nusunusu ninayoisema ilipo: mlango umefunguliwa, ila upana wake ni wa somo moja kati ya mengi.

Njia ya elimu maalumu ilijengwa kivyake. Mwaka 1964, mara tu baada ya uhuru, kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa ilichunguza hali ya watu wenye ulemavu na kupendekeza huduma zao ziratibiwe. Shule zenyewe zilikuwa zimeshatangulia, nyingi chini ya makanisa. Ile ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, nchi ilianza kufungua vituo vya tathmini na rasilimali za elimu, ambako mzazi humpeleka mtoto apimwe na kuelekezwa. Miaka 2 baadaye, Februari 1986, ikaundwa taasisi ya kitaifa ya elimu maalumu, KISE, huko Kasarani, Nairobi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwachukua walimu waliokwisha kuhitimu P1 na kuwapa ujuzi wa ziada: kufundisha viziwi, wasioona, wenye ulemavu wa akili, wenye ulemavu wa viungo. Baadhi walikaa bwenini. Wengi walisoma kwa masafa, wakikutana na wakufunzi katika likizo za Aprili, Agosti na Desemba.

Utaratibu huo una faida ambayo mara nyingi haisemwi. Mwalimu anayerudi kusoma baada ya miaka mitano darasani huja na watoto kichwani. Mkufunzi anapoeleza dalili za uoni hafifu, mwanafunzi wake anamkumbuka msichana fulani wa dawati la nyuma aliyekuwa akiinua daftari hadi puani. Nadharia inapata mahali pa kukaa. Kijana wa miaka 20 aliyetoka kidato cha nne hana kumbukumbu hizo. Ataandika dalili zote saba kwenye mtihani bila kumwona mtoto hata mmoja.

Hasara yake nayo iko wazi. Katika ile miaka mitano ya kabla ya kurudi chuoni, msichana wa dawati la nyuma alikuwa amekwisha kufika gredi ya sita.

Tuingie sasa ndani ya mafunzo yenyewe, kwa kuwa tofauti kubwa haiko katika majina ya kozi. Iko katika mahali mwalimu anapoanzia kufikiri. Mafunzo ya ualimu wa msingi huanzia kwenye mtaala. Mwalimu anapewa mada, anaigawa katika azimio la kazi la muhula, kisha anaandaa andalio la somo: lengo, vifaa, hatua, tathmini. Darasa analifikiria kama kundi lenye umri mmoja. Elimu maalumu huanzia kwa mtoto: anaweza nini leo, anakwama wapi, hatua inayofuata ni ipi, na hatua hiyo ivunjwe katika vipande vingapi ili aimudu. Kutokana na maswali hayo unaandikwa mpango wa mtoto huyo mmoja, wenye malengo yake na muda wake. Mtaala huja baadaye, kama orodha ya kuchagulia.

Mfano utaonyesha zaidi. Darasa la watoto 45 limepewa kazi ubaoni: 42 toa 17. Mwalimu anapita kati ya madawati akisahihisha. Mtoto wa kwanza ameandika 35. Wa pili ameandika 30. Wa tatu hajaandika kitu. Wa nne ameandika 25, jibu sahihi, lakini amelimaliza wenzake wakiwa wameshafika zoezi la nne.

Mwalimu aliyefunzwa ualimu wa msingi vizuri atamtambua wa kwanza mara moja. Mtoto huyo ametoa ndogo kwenye kubwa kila upande: 7 toa 2 ni 5, na 4 toa 1 ni 3. Hajaelewa thamani ya makumi. Dawa yake ni vijiti vilivyofungwa kumikumi, afungue fungu moja kwa mikono yake. Hilo ni kosa la hisabati, na mbinu za hisabati zinalitibu.

Lakini 30 limetoka wapi? Ukitazama daftari utakuta ameandika 47 toa 17, na hesabu hiyo ameifanya sawasawa. Alichokosea ni kunakili. Ikiwa kesho atanakili vibaya tena, na keshokutwa pia, swali linahama kutoka hisabati kwenda kwenye macho. Wa tatu hakuandika kwa sababu maelekezo yalitolewa kwa mdomo wakati mwalimu amegeukia ubao. Labda hasikii vizuri upande mmoja, labda masikio yake hutoka usaha kila msimu wa baridi na hakuna aliyewahi kuunganisha mambo hayo mawili. Wa nne anajua. Anahitaji muda, au mazoezi machache zaidi yanayopima jambo lile lile. Mwalimu mwenye mafunzo ya aina moja tu atawapa wote watatu alama ya mkasi na kurudia somo la vijiti, somo ambalo linamfaa mtoto mmoja.

Kinyume chake pia ni kweli, na watetezi wa elimu maalumu hawapendi kukiri. Mwalimu aliyebobea katika kumchunguza mtoto mmoja, lakini asiyejua kwa nini kutoa kwa kufungua kumi kunawashinda watoto wengi wa umri huo, atatafuta ulemavu mahali palipo na somo lililofundishwa vibaya. Atamwita mtoto pembeni, atamwandikia mpango, kumbe nusu ya darasa imeandika 35. Mafunzo mawili, yakikutana vizuri ndani ya mtu mmoja, yanamfundisha aulize kwanza: hili ni la darasa au la mtoto?

Katika mazingira ya Chepseon swali hilo lina sehemu ya tatu, nayo ni lugha. Nyumbani watoto wengi huzungumza Kipsigis. Pale kituoni, kando ya barabara kuu, wamo pia wa jamii nyingine, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Sera ya lugha inataka gredi ya kwanza hadi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo. Kuanzia gredi ya nne Kiingereza kinashika nafasi. Mtoto wa miaka 10 akishindwa kusoma kifungu cha Kiingereza, kushindwa huko kuna maelezo angalau matatu: hajakijua Kiingereza, au hajafundishwa kusoma vizuri, au ana tatizo la kudumu katika kuunganisha herufi na sauti.

Namna ya kuyatenganisha haihitaji mashine. Msimulie mtoto hadithi fupi kwa Kipsigis, halafu umwombe aisimulie tena. Akiisimulia kwa mpangilio, akili na kumbukumbu yake viko salama. Kisha mpe maneno ya Kiswahili asome: kalamu, sukari, barabara. Tahajia ya Kiswahili hufuata sauti kwa uaminifu, kwa hiyo mtoto anayejua herufi ataweza kuyatamka hata yale asiyoyajua maana. Akiyasoma bila shida na kukwama kwenye Kiingereza tu, tatizo ni lugha, na dawa ni kufundishwa lugha. Akikwama hata kwenye Kiswahili, baada ya kufundishwa silabi kwa muda wa kutosha, hapo ndipo mwalimu ana haki ya kushuku tatizo la kujifunza na kumwelekeza kituo cha tathmini. Mwalimu aliyetoka kaunti nyingine, asiyejua Kipsigis, hawezi kuanza hatua ya kwanza peke yake. Atahitaji mwenzake wa chumba cha walimu, au mzazi, amsikilizie hadithi. Hakuna ubaya wowote katika hilo, mradi chuo kilimfundisha kwamba hatua hiyo ipo.

Kwa nini nalikawia jambo hili? Kwa sababu uamuzi unaofuata ni mzito. Mtaala wa umilisi una mikondo miwili kwa watoto wenye mahitaji maalumu. Wa kwanza hufuata umri: mtoto anapanda gredi kama wenzake, kwa marekebisho ya vifaa na mitihani. Wa pili hufuata hatua: ya msingi, ya kati, ya kabla ya ufundi na ya ufundi, bila kujali gredi, na upimaji wake ni tofauti na ule wa gredi ya sita. Mkondo wa hatua umewafungulia njia watoto ambao zamani walikaa kitengoni mwaka hadi mwaka bila cheti chochote. Lakini mtoto asiyejua Kiingereza akihukumiwa kuwa na ulemavu wa akili na kuingizwa humo, kumrudisha ni vigumu. Mkondo unaowafaa baadhi unageuka kuwa adhabu kwa mwingine, na kosa lilianzia kwa mwalimu wa darasa aliyejaza fomu ya kwanza.

Tuje kwenye idadi. Sensa ya 2019 ilikuta kwamba 2.2% ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Uchunguzi wa KISE, uliotolewa 2018, ulikuta 11.4% ya watoto na vijana wa miaka 3 hadi 21 wana ulemavu au mahitaji maalumu ya kielimu. Tofauti ni zaidi ya mara tano. Msomaji asiharakishe kusema mmoja kati yao amedanganya. Karani wa sensa humuuliza mtu wa nyumbani kama kuna mwenye shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na ulemavu huhesabiwa pale shida inapokuwa kubwa. Uchunguzi wa kielimu unauliza zaidi ya hapo: nani hapati elimu inayomfaa, hata kama shida yake haionekani barabarani?

Kwa darasa letu la watoto 45, hesabu ya kwanza inatoa mtoto mmoja, ya pili inatoa watano. Ni makadirio ya ubaoni tu, lakini yanaeleza mengi. Anayeamini kwamba kuna mtoto mmoja ataona ni busara kumpeleka shule maalumu na kumwacha mwalimu aendelee. Anayeamini kwamba wako watano hawezi kusema hivyo. Hakuna kaunti yenye vitanda vya bweni kwa mtoto mmoja kati ya kila tisa, na hao watano wenyewe hawafanani. Mmoja haoni mbali, mmoja ana kifafa, mmoja ana usonji wa kiwango cha chini, wawili wana shida ya kusoma. Mtaalamu wa aina moja ya ulemavu, akipangwa shuleni hapo, atakuwa na mtoto mmoja wa fani yake na wanne ambao si wake.

Hapo ndipo hoja ya kuunganisha mafunzo inapopata nguvu. Hapo hapo, hata hivyo, ndipo inapoweza kuvuka mpaka wake. Yapo maarifa ambayo hayaingii katika somo moja la stashahada, hata lipangwe vipi.

Chukua Breli. Nukta sita hutoa maumbo 63, na mtu mwenye macho anaweza kuyakariri kwa wiki kadhaa. Kumfundisha mtoto wa miaka 6 asome kwa ncha za vidole ni kazi nyingine kabisa: kuandaa vidole kabla ya herufi, kumfundisha asipoteze mstari, kumpa maneno mafupi yenye maumbo yasiyochanganyika, kumfundisha mashine ya kuandikia, na wakati huo huo kumfundisha kutembea na fimbo kutoka darasani hadi chooni. Lugha ya Ishara ni zaidi ya hapo, kwa kuwa lugha haijifunzwi kwa mtu mmoja. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Mtoto kiziwi akiwekwa katika darasa la wanaosikia, na mwalimu wake akajua ishara mia mbili, mtoto huyo hana wa kucheza naye kwa lugha yake. Yuko ndani ya chumba, ila mazungumzo yanampita. Ndiyo maana viziwi wenyewe, sehemu nyingi duniani, wameendelea kutetea shule zao, na sidhani ni haki kuwaita wapinzani wa ujumuishi kwa hilo.

Nchi jirani zimepita njia tofauti kidogo. Uganda ilikuwa na taasisi yake ya elimu maalumu huko Kyambogo, ambayo 2003 iliunganishwa na vyuo vingine viwili kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Elimu maalumu na ualimu wa kawaida vikawa chini ya paa moja. Tanzania ina chuo cha Patandi, Arusha, kinachojulikana kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu.

Marekani, ambako kozi za kuhitimu fani zote mbili kwa pamoja zimeenea, inastahili kutazamwa kwa uangalifu kwa sababu mfano wake hunukuliwa mara nyingi bila mazingira yake. Sheria yao ya 1975 ilimpa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma na mpango wake wa maandishi. Baada yake shule ziliajiri walimu wa elimu maalumu kwa wingi, wakafanya kazi sambamba na walimu wa darasa, mara nyingine wawili katika chumba kimoja. Vyuo vilipoanza kumfundisha mtu mmoja fani zote mbili, shabaha kubwa ilikuwa hao wawili waelewane. Kwetu kozi hiyo ingefanya kazi tofauti: ingemfanya mtu mmoja azibe pengo la mwenzake ambaye hakuajiriwa. Jina la kozi linaweza kufanana neno kwa neno, lakini anayehitimu Kericho na anayehitimu huko wanakwenda kwenye kazi mbili zisizofanana.

Yako pia masuala ya ajira, nayo hayapendezi. Mwalimu akisomea elimu maalumu, Tume ya Huduma za Walimu inaweza kumpeleka shule maalumu au kitengo, na huko kuna posho inayoambatana na kazi hiyo. Ni haki yake. Kazi ni ngumu. Matokeo yake ni kwamba shule ya kawaida humpoteza mwalimu wake bora wa kuwatambua watoto wenye shida mara tu anapopata cheti cha kuthibitisha ubora huo. Na anayebaki darasani akitumia ujuzi huo kwa watoto watano kati ya 45 haonekani kwenye jedwali la posho, kwa sababu anafundisha gredi ya tatu tu. Mfumo unaotangaza ujumuishi kwenye sera na kulipia utengano kwenye mshahara utapata kile unacholipia.

Baada ya kuyapima hayo, maoni yangu ni haya. Mafunzo mawili yasigawanywe kwa aina ya mtoto, huyu wa mwalimu huyu na yule wa mwalimu yule. Yagawanywe kwa kina. Kina cha kwanza ni kutambua na kurekebisha: kutofautisha kosa la somo, la lugha, la macho na la masikio, kubadili mahali pa kukaa, ukubwa wa maandishi, urefu wa zoezi, kujua lini na wapi pa kumwelekeza mtoto. Hicho kiwe cha kila mwalimu wa msingi, tangu stashahada, bila hiari. Kina cha pili ni cha mwalimu aliyerudi kusoma baada ya kufundisha, kama KISE ilivyozoea, ila abaki katika shule za kawaida akihudumia kundi la shule jirani, na posho imfuate huko. Kina cha tatu, cha Breli, cha Lugha ya Ishara, cha ulemavu mkubwa zaidi ya mmoja kwa pamoja, kibaki kuwa taaluma kamili yenye shule zake.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Stashahada imejaa. Kila saa ya elimu jumuishi ni saa iliyotolewa kwenye hisabati au lugha, na walimu wengi wa msingi bado wanahitaji hisabati zaidi. Nakubali, na ndiyo sababu siombi saa. Mfano wa 42 toa 17 ni somo la mbinu za hisabati. Jaribio la hadithi ya Kipsigis na maneno ya Kiswahili ni somo la mbinu za lugha. Mkufunzi wa hisabati akileta darasani madaftari manne ya watoto, majina yakiwa yamefunikwa, na kuwauliza wanachuo kila kosa limetoka wapi, amefundisha fani zote mbili ndani ya saa ile ile. Elimu jumuishi ikibaki somo la peke yake, lenye mkufunzi wake na karatasi yake ya mtihani, itakaririwa na kusahauliwa kama nilivyoona masomo mengi ya aina hiyo yakisahauliwa.

Sehemu ngumu ni mazoezi ya kufundisha. Wanachuo ni wengi, vitengo ni vichache, na huwezi kumimina vijana thelathini katika kitengo chenye watoto kumi bila kuwavuruga watoto hao. Kwa shule za kawaida za Chepseon na jirani zake kuna njia nafuu: wanachuo waende watatu watatu katika darasa moja. Mmoja anafundisha. Wawili wanakaa nyuma, kila mmoja akimtazama mtoto mmoja kwa kipindi kizima na kuandika alichokifanya dakika kwa dakika, kisha wanabadilishana. Mkufunzi anayekuja kukagua, pamoja na kupima sauti, ubao na malengo ya somo, aombe karatasi ya mtoto huyo mmoja na kuitolea alama, naye mwalimu wa darasa abaki na nakala ili aanze nayo muhula unaofuata.